Alama ya Ukoo Juu ya Mzinga

Kambu iko kwenye barabara kuu ya Mombasa, kati ya Mtito Andei na Kibwezi. Upande mmoja wa barabara ni vilima vya Chyulu na Tsavo Magharibi; upande wa pili nyika inateremka hadi mto Athi, na ng'ambo ya mto huo ni Kitui. Ni nchi ya ukame, ya mibuyu na migunga, ambako mahindi hushindwa msimu baada ya msimu lakini nyuki hawakosi ua la kunyonya. Ndiyo maana kwa muda mrefu sehemu ya mali ya Mkamba wa huku haikukaa nyumbani. Ilining'inia mitini, mwendo wa saa nyingi kutoka bomani, bila mlinzi, bila mbwa, bila ua wa miiba. Mzinga ukitundikwa huachwa miezi mingi nyuki waingie na kujaza masega, na katika miezi hiyo yote mtu yeyote mwenye kamba, mwenge na ujasiri angeweza kuupanda usiku mmoja na kuumaliza. Mali ya namna hiyo haiwezi kufichwa, kwa sababu mzinga uliofichwa vizuri na mwenyewe huenda asiupate tena; wala haiwezi kufungwa, kwa sababu nyuki wanahitaji mlango. Namna watu wa Kitui na Makueni walivyoilinda ina jambo la kuwafundisha watu wa leo, hasa wale wanaofanya kazi ambayo kwa juu juu haihusiani kabisa na nyuki: makarani na wahasibu wanaotengeneza majedwali ya Excel, kisha wakaificha na kuifungia kwa neno la siri ile misimbo midogo inayoitwa makro.

Tuanze na mzinga wenyewe. Wakamba huuita mwatu, na ni gogo lililochimbwa ndani likawa bomba, refu kiasi cha mkono wa mtu mzima au zaidi, likazibwa ncha zote mbili kwa vifuniko, na tundu dogo la kupitia nyuki. Mti unaopendwa ni mukau, ambao wataalamu wa miti huuita Melia volkensii, kwa kuwa ni mti wa nyika hii hii na mbao zake hustahimili mchwa. Gogo hupandishwa mtini na kuning'inizwa kwa kijiti chenye ndoano, kwenye tawi ambalo nyegere hafiki kwa urahisi. Kabla ya kupandishwa, linachorwa kwa kisu au chuma cha moto. Ile ni alama ya mbai, yaani ukoo: Aombe wana yao, Anzauni yao, Atangwa na Amutei vilevile, na ndani ya ukoo mwenye mzinga aliweza kuongeza mkato wake ili atofautishwe na nduguye. C. W. Hobley, afisa wa kikoloni aliyechapisha kitabu chake kuhusu Wakamba mwaka 1910, aliziandika alama hizi. Gerhard Lindblom, mtafiti wa Kiswidi ambaye kitabu chake kikubwa kilitoka mwaka 1920, alizieleza kwa kirefu zaidi. Wote wawili waliona kwamba alama hizohizo zilikuwa kwenye mifugo na kwenye mishale. Mshale uliokutwa ndani ya tembo aliyekufa ulisema ni nani aliyepiga, na kwa hiyo pembe ni za nani, hata kama mnyama alikimbia siku mbili kabla ya kuanguka.

Jambo la kuzingatia hapa ni jinsi koo za Kikamba zilivyo. Watu wa mbai moja hawakai kijiji kimoja. Wametawanyika Mbooni, Kitui, Mulango, Kilungu, Kibwezi, kila mahali. Kijiji ni utui, na ndani ya utui mmoja utakuta watu wa koo nyingi waliochanganyika. Kwa sababu hiyo alama ya ukoo ilisafiri. Mtu aliyetoka milima ya Mbooni akakuta mzinga katika nyika ya Athi aliweza kuusoma: kama ni wa ukoo wake, alijua ana jamaa mahali hapa, kama si wake, alijua ni wazee gani angejibu mbele yao akiugusa. Nyika yenyewe ilikuwa weu, ardhi ya wote, ambayo yeyote angeweza kulisha na kutundika. Lakini tawi lililokwisha kubeba mzinga lilikuwa na mwenyewe, na haki hiyo ilirithiwa. D. J. Penwill, aliyekusanya sheria za kimila za Wakamba katika kitabu cha mwaka 1951, alikuta madai ya namna hii yakiwa hai bado mbele ya mabaraza. Nzama ya wazee ilisikiliza, mashahidi wakasema, fidia ikakatwa. Pale ushahidi ulipokwama, wazee waliita kithitu, kile kiapo kizito ambacho aliyeapa uongo aliaminiwa kuwa atakufa yeye, au jamaa zake, kabla ya muda uliowekwa kupita. Asali haikuwa kitu cha anasa. Ndiyo iliyotoa uki, pombe ambayo bila hiyo mahari hayakujadiliwa na wazee hawakukaa kuamua kesi. Aliyeiba asali alikuwa amegusa mambo mengi zaidi ya tumbo la mwenzake.

Tuangalie sasa mpango huu ulifanya nini na haukufanya nini. Haukumzuia mwizi kupanda. Haukuficha chochote: kila mpita njia aliona mzinga ulipo na ni wa nani. Ulichofanya ni kufunganisha kitu na jina, na jina na watu walioweza kuulizwa. Ulinzi ulikuwa nje ya mzinga, katika masikio na kumbukumbu za watu. Nadai kwamba huu ulikuwa ulinzi imara kuliko kufuli, na nadai pia kwamba tumeuacha kwa kuamini kufuli ambazo hazifungi.

Mfano wa kufuli isiyofunga uko kwenye meza ya kila mhasibu. Excel ilipata lugha yake ya makro, ile ya Visual Basic, katika toleo la 5 mwaka 1993. Kuanzia hapo jedwali likaacha kuwa karatasi ya kujumlisha tu: mtu angeweza kuandika amri zinazopiga hesabu ya mshahara, kukata makato, kuchapisha risiti, yote kwa kubofya mara moja. Na papo hapo likaja swali la mwenye mzinga: nitailinda vipi kazi yangu? Jibu lililotolewa na programu ni kisanduku cha kuweka neno la siri ili msimbo usionekane. Wengi wanaamini kwamba wakishaliweka, msimbo umegeuzwa maandishi yasiyosomeka. Sivyo. Ndani ya faili msimbo umebanwa tu ili uchukue nafasi ndogo, haukusimbwa. Neno la siri linaiambia programu isiuonyeshe, na programu nyingine isiyojali amri hiyo inausoma bila kuuliza. Ulinzi wa karatasi za jedwali ulikuwa dhaifu zaidi: hadi toleo la 2010, neno lolote la siri lililowekwa, liwe fupi au refu, lilifupishwa kuwa moja ya thamani zisizofika 33,000, idadi ambayo kompyuta ya kawaida huijaribu yote kwa muda mfupi. Microsoft wenyewe wameandika katika maelezo yao kwamba kufunga karatasi si njia ya usalama. Kuna usimbaji wa kweli, ule wa faili nzima, ambao tangu toleo la 2007 ni mgumu kweli kuuvunja. Lakini huo humzuia mtu kufungua faili kabisa, na jedwali la mshahara ambalo karani hawezi kulifungua halina kazi.

Basi kinachobaki ni pazia. Na pazia hili lina madhara yake. Tangu mwaka 1995, virusi vya Concept vilipoonyesha kwamba makro inaweza kubeba ubaya, na hasa baada ya Melissa kujaza barua pepe za dunia mwezi Machi 1999, msimbo uliofichwa umekuwa kitu cha kutiliwa shaka. Mwaka 2022 Microsoft walianza kuzuia makro zote zinazotoka kwenye intaneti hadi mwenye kompyuta aziruhusu kwa makusudi. Mtu wa kawaida anayepokea jedwali lenye msimbo uliofungwa hana namna rahisi ya kujua ndani yake kuna nini. Ni sawa na kuuziwa mzinga usio na alama, usiofunguka, na kuambiwa uuamini.

Mtu atasema: lakini Ukambani palikuwa na siri pia, na siri hizo zililinda kazi za watu. Ni kweli, na mfano wa karibu ni sumu ya mishale. Ilitoka kwenye mti wa kivai, na si kila mwindaji alijua kuitengeneza. Waliojua walikuwa wachache, walipikia mbali na nyumbani, na mnunuzi alipokea kitu kilichokwisha kuiva kikiwa kimefungwa kwenye ngozi au majani. Alikitumia bila kujua kilivyopikwa, sawasawa na karani anayebofya kitufe cha makro. Hapa siri ilifanya kazi. Lakini ilifanya kazi kwa sababu mpishi alikuwa hai na alikuwa karibu. Sumu mbovu ilijulikana siku hiyohiyo porini, na mwindaji alirudi kwa aliyemuuzia. Siri ile haikumwondolea mpishi wajibu, ilimfunga nao. Kisha tazama kilichofuata. Hifadhi ya Tsavo ilipotangazwa mwaka 1948, ardhi kubwa ya kuwindia kusini na mashariki ya Kambu ikafungwa. Katika miaka ya 1956 na 1957 David Sheldrick na wenzake wakaendesha operesheni kali dhidi ya wawindaji wa pembe, Wakamba na Wata pamoja. Mwaka 1977 serikali ikapiga marufuku uwindaji wote Kenya. Sisemi marufuku hiyo ilikosea. Ninachosema ni kwamba ujuzi uliokaa vichwani mwa wachache, bila mahali pengine pa kuuhifadhi, uliondoka nao walipozeeka. Utundikaji wa mizinga, uliofanywa mbele ya macho ya watoto wote, upo hadi leo.

Kupotea kwa ujuzi namna hii hutokea kila siku katika ofisi ndogo. Kijana mwenye kipaji anatengeneza jedwali la chama au la ushirika, anaweka makro, anaifunga, anapata kazi Nairobi. Miaka miwili baadaye sheria inabadilika. Mwaka 2023 ilikuja ada ya nyumba ya asilimia 1.5 ya mshahara. Oktoba 2024 bima ya afya ya NHIF ikaondoka na SHIF ya asilimia 2.75 ikachukua nafasi yake. Tarehe 27 Desemba mwaka huohuo yakaanza mabadiliko mengine yaliyofanya makato hayo mawili yatolewe kwanza kabla ya kodi kupigwa. Jedwali lililofungwa linaendelea kupiga hesabu ya zamani kwa utulivu kabisa, na hakuna aliyebaki ofisini anayeweza kuona mstari uliokosea. Neno la siri halikumlinda kijana yule, maana hakuna aliyetaka kumwibia. Limewaumiza wafanyakazi ambao mishahara yao inakatwa vibaya.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na halistahili kupitwa haraka. Linasema kwamba alama ya ukoo haikulinda kitu yenyewe. Kilicholinda ni woga. Nyuma ya nzama palikuwa na kithitu, na nyuma ya kithitu palikuwa na king'ole, ile hukumu ya wengi ambayo kwayo mchawi au mwizi asiyekoma aliuawa kwa makubaliano ya wazee na ya jamaa zake mwenyewe. Hilo ni kweli, na yeyote anayesifu desturi za kale bila kulitaja anaficha nusu ya habari. Mwaka 1932 wanaume 60 wa Ukambani walihukumiwa kunyongwa na mahakama ya kikoloni kwa kumuua mwanamke aliyedaiwa kuwa mchawi. Hukumu zile hazikutekelezwa, lakini kesi ilitikisa Kenya na kufika hadi Uingereza. Mwanamke yule alikufa kwa sababu mfumo uliojua kuwauliza watu uliweza pia kumhukumu mtu kwa ushahidi usio ushahidi. Hata hivyo, ukisoma Penwill utaona kwamba kesi za mali, za mizinga zikiwemo, kwa kawaida ziliishia kwenye mbuzi na fidia, si kwenye mauti. Na baada ya king'ole kukomeshwa alama ziliendelea kuheshimiwa. Kama woga wa kifo ndio uliokuwa nguzo, nguzo ilipoondolewa nyumba ingeanguka. Haikuanguka, kwa kuwa nguzo ilikuwa nyingine: kila mtu aliweza kusoma alama, na palikuwa na baraza la kwenda nayo.

Heshima ya alama ilidhoofika baadaye, na kwa sababu nyingine. Kambu ya leo imejaa wageni. Watu walitoka Machakos, Mbooni, Kilungu na Kitui kufuata ardhi tupu kando ya reli na barabara. Wengine waliondolewa Chyulu baada ya vilima vile kufanywa hifadhi. Weu iligawanywa kuwa mashamba yenye hati, na miti mikubwa ikaenda makaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mradi uliosaidiwa na Kanada ukaleta mzinga wa Kenya wa vipande vya juu, ambao hautundikwi juu kabisa mtini bali kwenye waya kimo cha kiuno. Mzinga huo uliwafungulia mlango wanawake, ambao desturi haikuwaruhusu kupanda miti, na hilo pekee linatosha kuufanya mradi uwe na thamani. Lakini mzinga wa kimo cha kiuno, kwenye shamba lenye uzio, unamwelekeza mtu kufikiri kwa kufuli. Alama ikaonekana mapambo ya wazee.

Inafaa tuone kwamba wazo lenyewe limerudi kwa mlango mwingine. Huko Mwingi, Kitui ya kaskazini, kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE kilisaidia wafugaji wa nyuki kuuza asali iliyothibitishwa kuwa ya asili isiyo na kemikali. Uthibitisho wa namna hiyo hauendi bila rekodi: ndoo hii imetoka kwa mfugaji gani, mizinga yake iko wapi. Mnunuzi wa mbali hahitaji kufuli juu ya asali. Anahitaji kujua wa kumuuliza.

Na katika Excel yenyewe, alama ya ukoo ipo. Tangu Office 2000 mtu anaweza kutia sahihi ya kidijitali kwenye mradi wa makro. Sahihi haimfichi msomaji kitu. Msimbo unabaki wazi, unasomeka mstari kwa mstari, na anayetaka kujifunza anajifunza. Lakini akitokea mtu asiye na ufunguo wa mwenyewe akabadilisha hata herufi moja na kuhifadhi, sahihi inavunjika, na Excel inamwambia anayefungua. Hapa ndipo mambo mawili tuliyozoea kuyachanganya yanapoachana: kumzuia mtu asisome, na kumzuia asibadilishe kisha akasingizia ni kazi ya mwingine. Karani anayefunga seli zenye fomula ili mwenzake asizifute kwa bahati mbaya anafanya jambo la busara, na wala sipingani naye. Anapoongeza neno la siri ili mwenzake asione fomula inavyokwenda, ameingia kwenye jambo jingine kabisa.

Linabaki pingamizi la tatu, ambalo kwa mwenye kuuza programu ndilo linalouma. Alama iko kwenye gogo, haiko kwenye asali. Asali ikishakamuliwa na kumiminwa kwenye kibuyu cha mwizi, haina jina. Vivyo hivyo fomula ikishanakiliwa kwenye jedwali jingine, sahihi haifuatani nayo. Nakubali. Lakini pazia pia halizuii hilo, tumeshaona, na mzinga ulioibiwa humwacha mwenyewe mikono mitupu wakati msimbo ulionakiliwa bado uko kwake. Anayeishi kwa kuuza majedwali ana njia ambayo wapishi wa sumu waliijua: mteja hurudi kwa anayejua kurekebisha sheria ikibadilika, si kwa aliyenakili. Na pale msimbo unapobeba siri ya biashara kwelikweli, mahali pake si ndani ya faili inayogawiwa watu. Uwekwe kwenye seva ya mwenyewe.

Kuna mahali pamoja, hata hivyo, ambapo hata hoja ya biashara haipo. Mwajiri mdogo wa Kambu mwenye wafanyakazi watano hupakua kutoka mfumo wa iTax jedwali la kutangaza kodi ya mishahara, lile la P10. Anaambiwa aruhusu makro. Anajaza majina na mishahara kwenye karatasi zilizofungwa, anabofya kitufe cha kuhakiki, na makro ikiridhika inamtolea faili ya kupandisha. Ikimkatalia, anapewa orodha ya makosa, na kama haielewi anakwenda saiba kumlipa kijana amsaidie. Viwango vya kodi vinavyotumika humo si siri ya mtu: vimo katika Jedwali la Tatu la Sheria ya Kodi ya Mapato, ambayo Bunge liliipitisha hadharani. Haja ya kuzuia faili isichezewe ni ya haki, kwa kuwa fedha za umma zinapitia hapo, na sahihi ya mamlaka ya kodi inatosha kwa haja hiyo, pamoja na kuhakiki upya kwenye seva kila faili inayopokelewa. Haja ya kuzuia isisomwe siioni. Sheria ikiwa wazi na hesabu inayoitekeleza imefunikwa, kitu pekee ambacho pazia linaweza kuficha ni pale ambapo hesabu imeachana na sheria, na hilo ndilo mwajiri wa Kambu, na wafanyakazi wake watano, wana haki ya kuliona kabla ya kulipa.